Vidato

Binti yangu alirudi kutoka Ganda, kwa babu yake, Jumapili jioni, vumbi limempanda hadi magotini. Nilikuwa nimekalia mbuzi, nakuna nazi ya wali. Alikaa kwenye kizingiti kuvua viatu, akaniuliza bila kuinua kichwa:

"Mama, ni kweli Wataliani walimpigia babu makofi?"

Mkono wangu ulisimama. Nikamwambia aende akanawe. Alinawa, akarudi na mikono inachuruzika maji, swali bado analo.

"Babu anasema walisimama wote wakampigia makofi, na yeye hata hakuwepo. Anasema wewe ndiye uliyewapa habari zake."

Nikamwambia tutaongea wali ukiiva. Wali uliiva, tukala, akalala. Leo ni Alhamisi na bado hatujaongea, ndiyo sababu nimeketi kuandika.

Ilikuwa Januari 2018. Kaskazi inavuma, na Malindi imejaa wageni hadi tuktuk hazishikiki. Niliitwa kufanya ukalimani siku nzima katika nyumba moja upande wa Casuarina. Shughuli yenyewe ilikuwa kuonja mvinyo wa Kiitaliano pamoja na piza ya tanuri la kuni, na aliyeongoza alikuwa mama mmoja wa makamo kutoka Aversa, mji ulio karibu na Napoli. Sote tulimwita Signora. Alikijua Kiitaliano tu, na Kiswahili chake kiliishia kwenye "asante sana". Wageni walikuwa ishirini na kitu: watu wa Nairobi waliokuja likizo, wafanyabiashara wa mjini, na wahudumu saba wa hoteli waliolipiwa na waajiri wao wapate kukijua wanachokimimina. Binti yangu alikuwa bado wa kubebwa mgongoni, nikamwacha kwa jirani.

Lile tanuri lazima nilitaje, maana lilijengwa na fundi wa hapa hapa. Kuta za nyumba zilikuwa za mawe ya matumbawe kama nyumba nyingi za zamani za pwani, lakini tanuri alilifanya la matofali ya udongo, yamepangwa kwa kuinama mpaka yakakutana juu kama kuba. Mtu mmoja wa Nairobi aliuliza kwa nini hakutumia mawe yale yale ya ukutani. Fundi, aliyekuwa amealikwa kula, akamjibu kuwa mawe yale ndiyo yanayochomwa ili kupata chokaa, sasa wewe ukiyapa moto kila siku unatarajia nini?

Mpishi alikuwa kijana wa Muyeye aliyeanza kama mwosha vyombo katika mkahawa wa Mtaliani, akapanda hadi kushika pala, ule ubapa wenye mpini mrefu wa kuingizia piza motoni. Alikuwa amewasha moto tangu alfajiri kwa kuni za mvinje zilizokauka vizuri. Tulipofika alikuwa amesogeza makaa pembeni, anapangusa sakafu ya tanuri kwa kitambaa kibichi kilichofungwa kwenye fimbo. Kisha alitupa ndani unga kidogo, wa kushikwa kwa vidole viwili, akainama kuutazama. Unga ukiwa mweusi mara moja, sakafu imezidi, piza itaungua chini kabla ya juu kuiva. Ukibaki mweupe, ongeza kuni. Ule ulianza kuwa wa kahawia polepole, naye akaitika kwa kichwa kana kwamba kuna mtu aliyemsalimu.

Signora alieleza kuwa piza ya Napoli ina kanuni zake zilizosajiliwa na Umoja wa Ulaya mwaka 2010: sakafu ya tanuri iwe karibu nyuzi 485, na piza isikae ndani zaidi ya sekunde tisini. Kijana wa Muyeye hakuwa na kipimo. Alihesabu kwa Kigiriama, midomo inacheza bila sauti, akaitoa ile ya kwanza kingo zimefura, zina madoa kama ya chui, na juu yake majani yamelegea kwa joto. Majani hayo Signora aliyaita basilico. Wanawake wa pwani waliokuwepo waliinama, wakanusa, wakasema kwa pamoja: rehani!

Signora alikuwa na furaha nyingine pia. Desemba iliyokuwa imetoka kupita, UNESCO iliuingiza ufundi wa wapishi wa piza wa Napoli katika orodha ya urithi wa utamaduni. Nilipolitafsiri hilo, mhudumu mmoja wa kike akasema misitu yetu ya kaya, ile mitakatifu ya Wamijikenda, nayo ni Urithi wa Dunia tangu mwaka 2008, na meza nzima ikampigia vigelegele. Nami nilipiga. Nakumbuka vizuri kwamba nami nilipiga, kwa sauti.

Kisha tukafundishwa kuonja. Shika glasi kwa mguu wake, usiikumbatie tumbo, maana mkono unapasha mvinyo joto, na joto la Malindi limeshamaliza kazi hiyo. Uzungushe taratibu upande kwenye kuta za glasi. Ingiza pua yote, bila haya. Vuta kidogo mdomoni, uache upite kila mahali, halafu meza au teme, ndoo ile pale. Mzee mmoja wa Shela, Mwislamu aliyekuja kwa ajili ya piza na mazungumzo, aliwekewa dafu, akalinywa kwa utulivu wake.

Mvinyo wa kwanza ulikuwa mweupe, unaitwa Asprinio, nao hutoka huko huko Aversa kwao Signora. Ulikuwa mkavu na mchachu kiasi cha kukunja uso. Mtu mmoja akasema ni ndimu tupu. Signora akasema ngojeni, kuleni kwanza. Tukamega ile piza, ambayo haikuwa na zaidi ya nyanya, mozarela na rehani, tukanywa tena, na kweli mambo yakabadilika. Nyanya ni chachu, jibini ni mafuta. Mvinyo wenye uchachu mdogo kuliko nyanya ungepotea mdomoni kama maji, lakini ule ulisimama nayo, ukayakata mafuta, ukauacha ulimi msafi ukitaka tonge jingine. Wale wahudumu saba walitazamana. Mmoja akaandika kitu kwenye kiganja chake.

Hapo ndipo Signora alipoweka glasi chini, akaanza kueleza mizabibu hiyo inavyooteshwa.

Kwao, alisema, kijadi mzabibu wa Asprinio haukui kwa kutambaa kwenye waya kama mingine. Unaozwa mti. Hilo ndilo neno walilolitumia wazee wao: mzabibu ulioolewa. Mume ni mpopla, mti mrefu mwembamba, na mzabibu humkwea mumewe mpaka mita kumi, hata kumi na tano juu, matawi yakitandazwa kati ya mti na mti kama ukuta wa majani. Mavuno yakifika, mtu hutwaa ngazi ndefu nyembamba, akaiegemeza, akapanda. Huko juu anajishikiza kwa miguu ili mikono yote miwili ibaki ya kazi. Anakata vichala, anavitia katika kikapu chenye kitako kilichochongoka, kisha anakishusha kwa kamba. Kitako kile kinajichoma chenyewe kwenye udongo laini, kikapu kinasimama wima, zabibu hazimwagiki, na aliye chini anakimiminia katika chombo kikubwa na kukirudisha. Wavunaji wa namna hiyo wanapungua, alisema. Vijana hawataki kupanda.

Kwa kawaida kazi yangu ina vikwazo. Mtu akisema jambo la mvinyo kwa Kiitaliano, mimi natafuta, nazunguka, nachukua maneno matatu badala ya moja. Siku ile, kwa mara ya kwanza, sikutafuta. Maneno yalitoka yenyewe, yamepangika: kukwea, kidato, kujishikiza kwa miguu, kukata, kushusha, aliye juu, aliye chini. Hata kabla Signora hajamaliza sentensi nilikuwa nimeshajua inakokwenda. Sauti yangu mwenyewe niliisikia ikibadilika, ikawa ile ninayoongea nayo nyumbani. Watu walikuwa wameacha kutafuna. Walikuwa hawamtazami tena Signora, wananitazama mimi.

Yule mhudumu wa kike wa habari za kaya akapiga meza kwa kiganja: "Si hao ni wagema!"

Watu wakacheka kwa furaha, kila mtu akaanza kusema lake. Signora akanigusa mkono. Wamesema nini? Nikamwambia wamesema ni kama watu wa hapa wanaopanda minazi kutoa mvinyo wake.

Aliacha kutabasamu. Alinikazia macho kama mtu aliyetajiwa jina la ndugu yake katika nchi ya mbali. "Hapa? Wanapanda kwa ajili ya mvinyo? Unamjua mmoja?"

Meza yote ilinyamaza kungoja nitafsiri.

Ilikuwa karibu saa sita mchana. Nilijua baba yuko wapi saa hiyo, kama ninavyojua kiganja changu. Alikuwa ameshapanda alfajiri na kushusha, sasa yuko chini ya mnazi anainoa kotama, kisu chake cha kugemea, kwa jiwe, chembe za maji zinamrukia miguuni, na baada ya hapo atapanda tena kuchonga. Baba hakuwa na minazi yake. Aliikodi, na wenye minazi walikuwa wagumu, kwa sababu karara, chipukizi la maua ya mnazi, likigemwa halizai nazi. Alilifunga kabla halijapasuka, akalikata ncha, akalitundikia kibuyu, na kila akipanda alilichonga tena ngozi nyembamba kama karatasi ili tembo, mvinyo wa mnazi, lisikome kudondoka. Kila mnazi aliuchonga vidato vyake, na kila kidato kilikuwa na umbo la wayo wake. Alipenda kuniambia, "Mimi nachonga vya mnazi, wewe panda vya shule." Nilivipanda. Karo ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilitoka juu ya minazi ya watu.

Nilipokuwa kidato cha pili askari walikuja alfajiri. Walivunja vibuyu kumi na kimoja mbele ya mlango wetu, na tembo likamwagika hadi kwenye kuni za mama. Wakamchukua baba. Alirudi siku ya tatu, akaoga, akachukua kotama, akaenda kazini, wala hakutuambia kitu mpaka leo. Juma lile lile, shuleni, msichana mmoja alihamisha kiti chake kutoka karibu na changu. Tangu hapo, kila fomu iliyoniuliza kazi ya baba niliandika "mkulima". Niliandika shuleni, chuoni, kwenye maombi ya kazi, na nilipoolewa. Mkono ulikuwa umeshazoea hata haukunisubiri.

Kwa hiyo Signora aliponiuliza, nilimjibu kwa maneno manne. "Ci sono, ma lontano." Wapo, lakini mbali.

Kutoka pale hadi Ganda ni mwendo mfupi wa bodaboda.

Kisha nikawageukia wageni, nikawatafsiria swali lake na jibu langu, kwa Kiswahili safi. Yule mhudumu alinitazama kidogo zaidi ya wengine. Labda alinijua, labda alijua kwetu. Hakusema kitu. Signora alishusha pumzi, akasema ni hasara, angependa kuonana na mmoja kabla hajaondoka. Akainua glasi. "Kwa wanaopanda," akasema. Nikatafsiri. Watu wakasimama, wakainua glasi, wakanywa, halafu mmoja akaanza kupiga makofi na wote wakafuata. Makofi yale yalikuwa marefu. Yule mzee wa Shela alipiga akiwa ameliweka dafu lake kati ya magoti. Mimi nilisimama katikati nikiwa na glasi mkononi, na sikuweza kupiga kwa sababu ya glasi.

Yaliyofuata nayapita haraka. Kulikuwa na mvinyo mwekundu wenye viputo, Gragnano, unaonywewa baridi, ambao watu wa Napoli wana mazoea ya kuunywa na piza. Kulikuwa na Aglianico, mzito, uliowekwa kwenye barafu ili upoe kidogo, ukanywewa na piza ya soseji. Ulipowafikia, wahudumu walilitafuta neno la ile hali ya ulimi kukauka na kukwaruza, nami nikawapa: ukakasi. "Kama zambarau!" mmoja akasema, na Signora akaomba aonyeshwe zambarau ni nini. Ilikuwa siku nzuri. Mtu yeyote aliyekuwepo atakwambia ilikuwa siku nzuri.

Jioni, wakati wa kuagana, Signora alinipa chupa ya Asprinio iliyobaki theluthi, kizibo amekirudisha kwa kiganja. Sikwenda nyumbani kwangu. Nilipanda bodaboda nikashika njia ya Ganda, chupa nimeifunga kwenye leso.

Baba alikuwa ameketi mkekani na wenzake wawili, kibuyu kati yao, kila mmoja na mrija wake. Nikampa. Hakuuliza umetoka wapi. Alikitoa kizibo, akanusa kizibo kwanza, kisha mdomo wa chupa, kisha akamimina katika kikombe cha bati na kumwaga tone moja chini kwa ajili ya koma, roho za wazee waliokufa, kama afanyavyo na tembo lake mwenyewe. Ndipo akanywa. Aliushika mdomoni muda mrefu. Hakuna aliyemfundisha.

"Huu ni wa jana," akasema.

Kwa mgema uchachu ni umri. Tembo la asubuhi ni tamu kama maji ya muwa, la jioni limeanza kuuma, la kesho yake ni la bei ya chini, na la keshokutwa ni siki. Nikamwambia huu si wa jana, baba, huu una zaidi ya mwaka. Alinitazama, akawatazama wenzake. Akaiinua chupa mbele ya taa ya koroboi.

"Mwaka? Na haujaharibika?"

"Haujaharibika."

"Basi mgema wao halazimiki kuuza leo."

Alilisema polepole, akalirudia kwa Kigiriama kwa ajili ya wenzake. Nilikuwa nimesikiliza habari za mvinyo kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi, na hakuna aliyelisema hilo. Nikamweleza juu ya mipopla, ngazi, kamba, na kikapu kinachojisimamisha. Kikapu kilimfurahisha sana. Alichukua kijiti akakichora kwenye mchanga, kitako kimechongoka, akanitaka nimwambie kama ndivyo. Kisha maswali yakaja. Mti ni wa mvunaji mwenyewe au amekodi? Akianguka, nani analea watoto? Na ngazi, ina vidato vingapi?

Sikujua.

"Hukuuliza?"

"Sikuuliza, baba."

Akanyamaza kidogo. Alikuwa akikizungusha kikombe mkononi, na nilidhani anafikiria ngazi. Halafu akauliza, macho yako kwenye kikombe:

"Uliwaambia babako ni mgema?"

Hadi leo sijui kama aliuliza kwa shaka au kwa tumaini. Sauti yake haikuonyesha. Alikuwa mtu ambaye kwa miaka ile yote hakuwahi kuniuliza nimeandika nini kwenye fomu, na fomu nyingine alizitia sahihi kwa dole gumba akiwa hawezi kuzisoma.

"Niliwaambia," nikasema.

"Wakasemaje?"

"Walisimama wote, wakapiga makofi."

Wenzake wakagonga mkeka kwa viganja. Baba hakucheka. Aliweka kikombe chini taratibu, akavuta kotama iliyokuwa pembeni yake, akaifuta upande mmoja kwenye paja, akaifuta upande wa pili, akairudisha pale pale. Aliifanya kazi hiyo kama kwamba kotama ilikuwa chafu. Haikuwa chafu.

Hapandi tena. Goti la kulia lilikataa miaka mitatu iliyopita na minazi ile sasa inapandwa na kijana mwingine, ambaye analalamika kuwa vidato vya baba vimeachana mno. Chupa ya Asprinio bado ipo, imetiwa siki ya mnazi, na kila ukila samaki kwa baba siki inatoka humo. Karatasi ya chupa imechubuka, limebaki neno Aversa na nusu ya neno linalofuata. Kila mgeni anaonyeshwa. Hadithi nayo imekua. Kwanza Wataliani walisimama, baadaye wakauliza jina lake, mwaka jana nilimsikia akimwambia jirani kuwa mama mmoja wa Kitaliani alitaka kuja hadi Ganda kumwona ila muda haukumtosha. Hilo la mwisho lilinikata, kwa sababu ndilo lililokuwa karibu zaidi na kweli, na mimi sikuwahi kumwambia.

Juzi usiku, binti yangu akiwa amelala, nilitaka kuhesabu ni watu wangapi wanaijua hadithi ile Ganda, nikashindwa. Ikiwa nitamwambia mtoto kweli, atakuwa na babu aliyepigiwa makofi ya uongo, na atakwenda kwake Jumapili na kweli hiyo mdomoni, maana ana miaka minane, hajajifunza kuificha. Nisipomwambia, nimemfundisha fomu zangu. Mama yangu angejua la kufanya. Nimemuuliza mume wangu, akasema watu walipiga makofi kwa wanaopanda, na baba alikuwa akipanda, uongo uko wapi? Nimelilalia jibu hilo siku tatu. Kuna saa linanituliza. Halafu naukumbuka uso wa yule mhudumu.

Leo asubuhi, nikimsuka nywele kabla ya shule, alirudi kwenye habari za babu mwenyewe, ila si kwa swali lile. Alisema Jumapili babu alimshika mkono wakaenda hadi kwenye mnazi mmoja wa nyuma, ule mrefu, akamwambia ahesabu vidato. Alifika ishirini na tisa, vingine juu vikafichwa na makuti, babu akammalizia kwa kichwa: arobaini na viwili.

"Halafu akaniambia nikuulize," akasema, "ngazi ya Wataliani ulikuja kujua ina vingapi?"